Fildi ya mwanafunzi wa ubunifu Dodoma: kwa mpambaji, kwa mchapaji au kwenye mabanda ya Nanenane?

Julai ikikaribia, barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo huanza kuzunguka Dodoma. Mwanafunzi wa ubunifu hutoa nakala za barua moja ya utambulisho, akaipeleka kwa mpambaji wa kumbi, kwa duka la mabango, kwa kampuni ya majukwaa na kwa wizara kule Mtumba, mji wa serikali, kisha akaanza fildi kwa yeyote aliyejibu kwanza. Sehemu hizo nne hazifundishi kitu kimoja. Zinatofautiana kwa saa za kazi, kwa aina ya wateja, kwa kazi utakazoondoka nazo mkononi, na hata kwa namna utakavyorudi hosteli usiku. Mimi naishi kwa kazi ya kubuni matukio katika jiji hili na huwa napokea wanafunzi. Ningependa sana mwanafunzi achague akijua anachokichagua, na mwalimu anayempangia naye ajue.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoamua mengi. Vyuo vikuu vyetu vingi humaliza mwaka wa masomo Julai, na fildi huwekwa kati ya hapo na Oktoba, mara nyingi kwa wiki nane hivi. Kwa kazi za matukio Dodoma, huo ni wakati mzuri kupita mwingine wowote. Mkutano wa bajeti wa Bunge, unaojaza kumbi na nyumba za wageni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, unakuwa umekwisha, lakini mikutano na semina za serikali hazikomi tangu uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016. Mvua hakuna, kwa hiyo harusi zinafuatana Jumamosi hadi Jumamosi. Na katikati yake, tarehe 1 hadi 8 Agosti, kuna Nanenane, maonesho ya wakulima, kwenye viwanja vya Nzuguni. Mwanafunzi anayeingia fildi wiki ya pili ya Julai anakutana na kazi zote hizo. Anayengoja hadi Agosti iingie amekosa sehemu kubwa ya yenye mafunzo.

Kwa mpambaji wa kumbi

Wanafunzi wengi wanapadharau hapa, na wazazi wao zaidi. Wanaona mpambaji ni mtu wa kufunga vitambaa na kupanga maua ya plastiki. Lakini sijui sehemu nyingine mjini ambako mwanafunzi anapewa nafasi tupu, yenye nguzo katikati na ukuta wa rangi asiyoichagua, pamoja na bajeti ambayo kamati imeshaipunguza mara mbili, akaambiwa kwamba kesho saa kumi jioni wageni wanaingia.

Mteja wa harusi si mtu mmoja. Kuna mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, mama mzazi, shangazi, na bibi harusi mwenyewe, na kila mmoja ana picha yake kwenye simu. Pesa inatoka kwenye michango, na michango hukamilika siku za mwisho, kama itakamilika. Kwa hiyo mpambaji mzoefu hubuni kitu kinachoweza kupungua bila kuvunjika. Anaanza na meza kuu na njia ya maharusi, zinafuata meza za wageni, halafu mlango, na dari inakuwa ya mwisho. Ahadi zisipotimia, dari inaondoka na ukumbi bado unapendeza. Darasani ni nadra kupewa zoezi ambalo bajeti inabadilika siku mbili kabla ya kukabidhi. Hapa ndiyo hali ya kawaida, na mwanafunzi aliyeizoea huwa hatishiki tena na mteja.

Vipimo navyo vinafundishwa na kitambaa chenyewe. Pazia la nyuma ya meza kuu lenye upana wa mita 8 halitoki kwenye mita 8 za kitambaa. Ukitaka mikunjo iliyojaa unahitaji mara mbili ya upana, au mbili na nusu, na ukikosea hesabu hiyo dukani hakuna programu ya kompyuta itakayokuokoa saa tano usiku. Utajifunza kwamba taa ya buluu inayopendeza kwa macho hufanya nyuso zetu zionekane za kijivu kwenye picha, ndiyo maana wapiga picha huomba taa za joto kuelekea meza kuu na rangi nyingine zibaki kwenye kuta. Utaujua pia upepo wa Dodoma. Sherehe ya bustanini mwezi Julai au Agosti inahitaji uzito halisi kwenye kila mguu wa fremu, na kitambaa cheupe kilichotundikwa asubuhi kinaweza kuwa na rangi ya vumbi kabla ya ndoa kufungwa. Kwa hiyo unapanga nini kitundikwe mapema na nini kingoje hadi dakika za mwisho. Huo ni ubunifu kamili, hata kama hakuna anayeuita hivyo.

Sasa hasara zake, maana zipo na ni nzito. Wapambaji wengi hubuni kichwani na kwenye picha za simu. Hakuna mchoro, hakuna kompyuta, na siku za katikati ya wiki ni za kufua, kupiga pasi na kuhesabu vitambaa. Mwanafunzi asiyejituma kuchora mwenyewe atamaliza wiki nane akiwa amepiga pasi tu. Msimamizi kutoka chuoni naye mara nyingi huja Jumanne au Jumatano, akakukuta na beseni. Dawa yake ni moja: kila kazi ichore kabla, hata kwa penseli, ukiwa na vipimo ulivyopima mwenyewe ukumbini, na ipige picha baada. Mpambaji wako atafurahi, kwa sababu mchoro unamsaidia kwenye kikao cha kamati.

Na kuna usiku. Mapambo hufungwa Ijumaa hadi usiku wa manane, na hushushwa Jumamosi baada ya wageni kuondoka, kwa sababu Jumapili ukumbi una sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya watu wengine. Kabla hujakubali nafasi, uliza nani anakurudisha na kwa usafiri gani. Kuondoka peke yako kwa bodaboda saa nane usiku kupanda mlima wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) si jambo la kumtakia kijana yeyote, wa kike wala wa kiume. Mwenye kazi anayejibu kwamba "utaona mwenyewe", muage kwa heshima.

Nina ombi moja kwa mwanafunzi atakayekwenda huko. Mapambo yetu mengi yanafuata picha za Lagos na Dubai. Sina ugomvi na Lagos, ila hapa tuna zabibu, tuna vibuyu, tuna ushanga na zeze la Wagogo, na bado ni nadra kuingia ukumbi wa Dodoma ukajua kwa macho tu kwamba uko Dodoma. Mpambaji mwenye wateja watatu kwa wiki hana muda wa kufanya majaribio. Wewe unao.

Kwa mchapaji

Duka la mabango, kadi na fulana ndilo linalopokea wanafunzi wa grafiki kwa wingi. Linafundisha kitu ambacho chuo hakikifundishi vya kutosha: faili lako linapotoka kwenye kioo likaingia mashineni linakuwaje. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu za mwanga. Mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani ya kung'aa uliyoipenda haipo kwenye wino, na mteja atakuuliza imekwenda wapi. Kadi ya mwaliko inataka picha yenye nukta 300 kwa inchi na milimita 3 za ziada pembezoni kwa ajili ya kisu. Bango la mita 6 linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linaridhika na nukta 100 au hata pungufu, na mwanafunzi asiyejua hilo analeta faili zito linalogandisha kompyuta ya ofisi nzima.

Kasi pia utaipata. Wateja wanaingia wakiwa na haraka, wanakaa pembeni yako wakitazama, na jina la mgeni rasmi linabadilika wakati bango liko nusu mashineni. Utajifunza kusoma majina na vyeo mara tatu kabla ya kubonyeza. Saa ni za kawaida, ukiacha wiki ya mwisho ya Julai ambapo mabanda yote ya Nanenane yanataka vitu vyao siku moja.

Lakini naona wiki nane ni nyingi mno mahali hapa. Baada ya wiki tatu umeshajifunza ulichokuja kujifunza, kisha unageuka kuwa mfanyakazi wa bure wa kubadilisha majina kwenye kadi. Na kikubwa zaidi, hulioni tukio lenyewe. Bango linatoka mlangoni likiwa limekunjwa. Kama lilisomeka, kama lilining'inia sawa, kama upepo ulilichana kwa sababu halikuwekewa pete za kutosha, wewe hujui. Kama ndiyo nafasi pekee uliyopata, omba ruhusa ya kwenda na mafundi wanaolitundika.

Kwenye maonesho na majukwaa

Hapa ndipo ningempeleka mwanafunzi wangu kama ningeruhusiwa kuchagua mara moja tu, kwa sharti la kuanza mapema. Nanenane ya Nzuguni ni ya Kanda ya Kati, Dodoma na Singida, na mwaka 2024 ndiko kilele cha kitaifa kilikofanyika. Taasisi nyingi zina mabanda ya kudumu, nyingine hujenga ya muda, na zote zina shida ileile: zina mambo mengi ya kusema, na mtu anayepita mbele ya banda anatembea.

Chukua banda dogo la mita 3 kwa 3, kipimo cha kawaida cha maonesho popote duniani. Mwanafunzi wa grafiki akipewa ukuta wa nyuma wa banda hilo, kwanza huujaza maandishi hadi chini. Anapokwenda uwanjani anaona kwamba watu wawili wakisimama kwenye meza, kila kilicho chini ya mabega yao kimepotea. Kichwa cha habari lazima kipande juu. Kisha anaona kwamba banda linalotazama magharibi huunguzwa na jua kuanzia saa tisa alasiri, kioo cha televisheni hakionekani, na wageni hawakai. Anaona kwamba jirani ana spika kubwa, kwa hiyo maelezo aliyotegemea yasemwe kwa mdomo lazima yaandikwe. Anaona mzee mkulima kutoka Kongwa na mtoto wa shule ya msingi wakiingia pamoja, na karatasi moja ya maelezo haiwatoshi wote wawili. Kila somo kati ya hayo lina marekebisho unayoweza kuyafanya usiku uleule na kuyaona yakifanya kazi asubuhi. Hiyo ni nafasi adimu: siku nane mfululizo za kutazama watu wakitumia kitu ulichokibuni, na kukirekebisha wakati bado kimesimama.

Kwa mwanafunzi wa ubunifu wa mambo ya ndani, kama wale wa Chuo Kikuu Ardhi wanaotaka kufanyia fildi Dodoma, faida ni kubwa zaidi. Anachora kwa programu kama SketchUp au AutoCAD siku ya Jumatatu, seremala anakata mbao Jumatano, na Jumamosi anaingia ndani ya mchoro wake. Akisahau unene wa ubao, fundi atamwambia mbele za watu, kwa upole au bila upole.

Shida za huku ni tatu. Kwanza, kazi inakuja kwa mkupuo. Tarehe 9 Agosti kila kitu kinabomolewa, na baada ya hapo kampuni inaweza kukaa wiki mbili bila kazi ya kukupa. Pili, kampuni nyingi zinazojenga mabanda makubwa na majukwaa ya shughuli za kitaifa ofisi zao ziko Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, wanakuja, wanafanya kazi na kuondoka kwa wepesi. Mwanafunzi aliyewategemea anaweza kukuta ofisi imerudi Dar na yeye amebaki na namba ya simu. Hakikisha kuna mtu aliyetajwa kwa jina kwenye barua yako, anayeishi hapa kipindi chote. Tatu ni usalama. Kuna ngazi, kuna umeme, kuna fremu nzito za taa juu ya vichwa. Uliza kama kuna kofia ngumu na viatu, na kama hutaambiwa upande juu. Kazi ya mwanafunzi wa ubunifu ni chini, akiwa na mchoro na futi ya kupimia.

Wizara na taasisi za serikali

Nitapita haraka. Faida zake zinajulikana: saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, msimamizi yupo, kitabu cha kumbukumbu za kila siku kinasainiwa, na jina la ofisi linapendeza kwenye wasifu. Kwenye vitengo vya mawasiliano kuna kazi za kweli za mabango, ripoti na video fupi. Lakini matukio makubwa mara nyingi hupewa wazabuni wa nje, kwa hiyo utayaona ukiwa upande wa mteja. Hilo lina thamani kwa mtu mmoja hasa: mwanafunzi anayetaka kufungua kampuni yake. Atajifunza jinsi hadidu za rejea zinavyoandikwa, itifaki ya nani anakaa wapi, matumizi sahihi ya Nembo ya Taifa, na jinsi zabuni zinavyopita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023. Asiye na ndoto hiyo aende kwenye vumbi la Nzuguni.

Na Dar je?

Wengi wanaamini fildi ya maana iko Dar. Kwa ukubwa wa kampuni, ni kweli. Lakini tazama tarehe. Sabasaba, maonesho makubwa kuliko yote nchini, huanza 28 Juni na kumalizika 13 Julai. Kwa mwanafunzi ambaye bado yuko kwenye mitihani siku hizo, atafika kwenye viwanja vya Kilwa Road akute mafundi wanapakia mbao. Ongeza kodi ya chumba na nauli za kila siku. Aliye na ndugu wa kumpokea na kampuni iliyomthibitishia kazi za Agosti na Septemba, aende. Mwingine atapata zaidi Dodoma, na kwa gharama ndogo.

Nani aende wapi

Vyuo huoanisha kwa jina la kozi: grafiki kwa mchapaji, mitindo kwa fundi cherehani, mambo ya ndani kwa ofisi ya wasanifu. Nadhani ni vema kuoanisha kwa upungufu. Mwanafunzi wa grafiki anayejua programu ya Illustrator vizuri hahitaji wiki nane nyingine za Illustrator. Anahitaji kujua mita na uzito, kwa hiyo maonesho. Wa mambo ya ndani aliyezoea michoro safi isiyo na mteja anahitaji kamati ya harusi. Wa mitindo, ambaye tayari anakijua kitambaa, atang'ara kwa mpambaji, lakini atakua zaidi akipewa jukwaa na taa. Na yule ambaye faili zake hufunguka vibaya kila anapozipeleka nje, aanze kwa mchapaji bila kuona haya.

Mwenye aibu ya kuzungumza na watu naye anastahili kufikiriwa. Kumpeleka kwenye ofisi tulivu kunampa raha, ila nimeona vijana wakimya wakifunguka kwa mpambaji, kwa sababu pale mazungumzo ni juu ya kitu kinachoshikika, si juu ya wao wenyewe. Mwalimu amuulize kabla ya kumpangia.

Pesa nayo isifichwe. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo hupata fedha ya mafunzo kwa vitendo; wasio wanufaika hawana kitu. Mwenye kazi asiyeweza kutoa posho anaweza angalau kutoa nauli na chakula cha mchana, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza hilo siku ya kwanza bila kuonekana mlafi. Mwenye kazi anayedai alipwe ili akupokee, achana naye.

Kuna pia suala la picha za kazi. Unazihitaji kwa potifolio, na hapo ndipo wengi huteleza. Picha ya ukumbi mtupu uliopambwa ni rahisi kupewa ruhusa. Picha yenye nyuso za maharusi na wageni ni jambo jingine, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayokutaka uwe na ridhaa. Njoo saa moja kabla ya wageni, piga picha zako, na zikionyeshwa popote taja kwamba kazi ni ya kampuni fulani na wewe ulifanya sehemu gani. Mtu akiona umeandika "nilipima ukumbi, nikachora mpangilio wa meza, nikasimamia taa", anakuelewa kuliko ukiandika kwamba ulipamba harusi nzima.

Kugawa wiki nane

Kama chuo chako kinaruhusu, pendekezo langu ni kugawa fildi. Anza katikati ya Julai na kampuni ya maonesho, fanya nayo hadi mabanda yabomolewe tarehe 9 au 10 Agosti, kisha hamia kwa mpambaji hadi katikati ya Septemba, wakati yeye ana harusi nyingi na wewe umeshajua vipimo. Kazi hizo mbili zinakamilishana vizuri ajabu, na tarehe zake hazigongani.

Mgawanyo huo unataka maandalizi yaanze Mei. Mwombe mratibu wa fildi barua mbili badala ya moja, kila moja ikiwa na tarehe zake, ili msimamizi asije akakutafuta Nzuguni wakati wewe uko ukumbini. Nenda mwenyewe kwa kila mwenye kazi, na uende katikati ya wiki asubuhi. Ijumaa hakuna mpambaji mwenye muda wa kukusikiliza. Beba kazi tatu zilizochapwa kwenye karatasi, si simu, na moja kati ya hizo iwe na vipimo. Muulize mambo matatu: nani atanisimamia kila siku, kuna kazi gani tayari kwenye kalenda kati ya tarehe zangu, na ninarudije nyumbani kazi ikiisha usiku. Akijibu yote matatu bila kusita, acha barua yako hapo na usiendelee kuzungusha nyingine.